Nakala Mbili Zinazofanana

Marehemu Dakta Otema alitufundisha kutuma ujumbe mara tatu: nakala moja ikiharibika njiani, tuziamini zile mbili zinazofanana. Kwenye warsha ya kumkumbuka, niliiandika kanuni hiyo ubaoni huku askari wawili wamekaa nyuma, bunduki mapajani.

Joska, mjane wake, alisimama. "Ninyi watatu mlikuwa naye pale Nakivubo siku alipotekwa. Nani alimchukua mume wangu?"

"Wanajeshi," alijibu Alum, mwanafunzi wa marehemu. "Niliwaona."

Mwalimu mwenzangu Odur aliinamia viatu vyake. "Mimi sikuona kitu, mama."

Joska akanigeukia. Askari nao wakanigeukia. Chaki ilinivunjikia mkononi, mwoga mkubwa mimi.

"Sikuona kitu," nikasema.

Joska akausoma ubao nyuma yangu, akaketi. Askari wakainuka, wakamwendea Alum.