Tumejishikiza Tu

Bomba la Kota za Pantoni lilikuwa limekatwa tangu wiki iliyopita, na hakuna aliyekuja kusema kwa nini. Ndiyo maana asubuhi ile Atupele alikuwa amechuchumaa kwenye ukingo wa handaki nyuma ya nyumba yake, akichota maji ya mvua kwa kikombe cha plastiki na kuyachuja kwa kipande cha kanga kuukuu. Magoti yalimuuma. Akasikia hodi upande wa mbele, hodi laini ya mtu aliyesoma, na moyo ukamwambia kuwa huyo hajaleta maji.

Handaki lile alilichimba marehemu mumewe, Eliya, wakati wa vita vya Kagera. Serikali ilikuwa imejenga karakana haraka haraka hapa Visiga, mbali na bandari, isije ikapigwa mabomu, na humo mafundi wakachomelea pantoni za kuvushia wanajeshi mtoni. Nyumba za mafundi zikapangwa kwa mistari iliyonyooka, bomba katikati, chekechea pembeni, na vioo vya madirisha vikapakwa rangi nyeusi ili ndege za adui zisione taa. Vita vikaisha. Karakana ikafa taratibu kama mashirika mengine, mashine zikauzwa kuwa chuma chakavu na watu ambao kila mtu aliwajua na hakuna aliyewataja. Mafundi waliambiwa wabaki, wazitunze nyumba, ni zao. Waliambiwa kwa mdomo. Wakabaki, wakaziba mapaa, wakalea, wakazikana. Ile rangi nyeusi Atupele aliikwangua mpaka akachoka, nyingi ikabaki. Watoto wa mtaa jirani wa Picha ya Ndege bado wanawatania kwamba wanakaa kwenye pantoni ya nchi kavu.

Mlangoni alisimama msichana mwenye miwani na viatu safi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Pita ndani, usituangalie sana, hapa tumejishikiza tu."

Mtu mwenye adabu hukaribisha hivyo. Hata mwenye ghorofa husema kwake ni kibandani, na anayejisifia nyumba mbele ya mgeni huonekana hakulelewa.

Msichana alisema anaitwa Stellamaris, anakusanya historia ya kota kabla wazee hawajaondoka nayo. Aliilaza simu yake mezani kifudifudi. Atupele aliiona.

"Hiyo inarekodi?"

"Ni kwa ajili ya historia tu, mama."

"Na hiyo historia anaitaka nani?"

"Mradi."

"Mradi wa nani?"

Stellamaris alitabasamu, akapuliza chai yake.

Atupele hakuwa amezaliwa jana. Kibaha yote ilikwisha kusikia kwamba kuna mwekezaji anayelitaka eneo lile ajenge bohari. Maneno yaliyotoka juu yalikuwa mafupi: mwenye makazi ya kudumu atapimiwa na kupewa hati, aliyejiegesha kwa muda ataondoka, atatafutiwa kiwanja huko porini Kisarawe, kusiko na barabara wala zahanati. Kwa hiyo alibana ulimi. Alikataa kupigwa picha. Alikataa kuweka saini. Jina la Eliya hakulitaja, maana mtu anaweza kuchukua jina la marehemu akalifanyia mambo. Alisimulia tu jinsi yeye mwenyewe alivyokuwa akikoroga rangi ya kuzuia kutu mpaka mikono ikabaki myekundu Krismasi nzima, na jinsi wanawake walivyoimba ili wasisikie habari za redioni.

Msichana alipoaga, Atupele alimsindikiza hadi kwenye bomba kavu, akarudi amefurahi. Alimwambia jirani yake, mzee Zahoro, "Amekunywa chai yangu, ameondoka mikono mitupu."

"Hata kwangu," alisema Zahoro. "Nimemwekea ngumu."

Mkutano uliitishwa Jumamosi, chini ya turubai palipokuwa na chekechea. Msimamizi wa mradi, bwana mmoja aitwaye Khalfani, alisalimia wazee kwa heshima zote, akawauliza hali, akawapa pole ya maji. Kisha akaunganisha simu na spika.

Sauti ya kwanza ilikuwa ya Zahoro. "Karibu, binti, hapa tunajibanza tu." Ikafuata ya Hamisa wa mstari wa pili: "Karibu mama, si kwetu hapa, pa Mungu." Halafu Atupele akajisikia mwenyewe, sauti kubwa kuliko aliyokuwa nayo, ikisema kwamba amejishikiza tu.

Watu walitazamana. Nyumba kwa nyumba, karibu kwa karibu, hakuna aliyesalimika.

"Sauti hizi si zenu?" aliuliza Khalfani.

"Zetu," alisema Zahoro. "Lakini huko ni kukaribisha mgeni, bwana mkubwa."

"Mzee wangu, mimi nauliza kama umesema au hukusema."

"Nimesema."

"Basi. Kujibanza ni kukaa kwa muda. Sijasema mimi, mmesema wenyewe."

Atupele alisimama. Aliona aibu, na aibu ikageuka hasira hapo hapo.

"Mwanangu, mgeni akija kwako, wewe unamwambiaje?"

Wachache walicheka. Khalfani naye akacheka, wala hakukasirika.

"Namwambia karibu kibandani, mama. Ila mimi nina hati. Naweza kusema lolote."

Stellamaris, pembeni ya spika, alikuwa akifuta vumbi kwenye viatu vyake.

Siku ya kupaka alama ya X kwenye nyumba za kubomolewa, watu wa mradi walianzia mstari wa kwanza. Atupele aliketi sebuleni, mikono mapajani, akisikiliza makopo yakigongana. Alikuwa ameapa kwamba hatamkaribisha tena mtu yeyote.

"Hodi."

Akanyamaza. Maisha yake yote hajawahi kuiacha hodi bila kuijibu.

"Hodi humu ndani."

Neno lilimpanda kooni, akalimeza. Vivuli vilipita dirishani. Mtu akasogeza uso kwenye kioo, akakinga macho kwa viganja, lakini rangi ya vita haikumruhusu kuona kitu.

"Hodi, mama." Safari hii ilikuwa sauti ya Stellamaris.

Atupele alinyanyuka nusu, ameshika kiti. Alitaka kusema nipo. Akaligeuza neno hilo mdomoni, akalichunguza kila upande, wangelipeleka wapi, wangelisikilizisha nani chini ya turubai gani. Nipo. Nipo tu. Hata hilo hakuliamini.

"Hakuna mtu," alisema mwanamume nje.

"Labda amelala," alisema Stellamaris.

"Tumeita mara tatu. Andika haikaliwi."

Akasikia brashi ikianza kupita ukutani, na harufu ile ya rangi nyekundu ikaingia kwa chini ya mlango.