Mgunga wa Mpakani

Balozi wa nyumba kumi alikuwa amesema waje mikono mitupu. Ngusa alikuja na panga kiunoni, akakaa nalo hivyohivyo, na hakuna aliyemwambia kitu.

Walikusanyika kwenye mgunga wa mpakani, nje kidogo ya Butiama, watu wa Ngusa upande huu, watu wa Onesmo upande ule. Ugomvi ulikuwa wa shamba lote la bondeni. Ngusa alidai baba yake ndiye aliyeupanda mti huo kabla ya Operesheni Vijiji ya miaka ya sabini, kabla serikali haijawahamisha watu. Onesmo alisema mti ulijiotea baadaye, ukoo wake ukiwa umeshaletwa hapo na kugawiwa ardhi. Wazee waliojua walikuwa wamekufa, na waliobaki walikumbuka kufuatana na nani aliwanywesha pombe. Basi wakakubaliana umri wa mti uamue.

Daktari Dorah, mtafiti wa miti kutoka Songea, alikuwa anazunguka mkoa mzima wa Mara akitoboa miti ili ajue mvua za zamani zilinyeshaje. Alikubali kuwasaidia. Akauzungusha msumari wake mnene wenye tundu mpaka katikati ya shina, akachomoa kijiti chembamba kama penseli, kimejaa mistari. Kila mstari, alieleza, ni kipande cha duara linalozunguka ndani ya mti. Mvua ikinyesha, mti unanenepa. Kiangazi kikiingia, unasimama na kufunga duara.

"Kwa hiyo duara moja ni mwaka mmoja?" Onesmo aliuliza.

"Mvua moja, kiangazi kimoja. Mwaka mmoja."

Ngusa alimtazama yule mama. Hapa kwao walivuna vuli, wakavuna na masika. Ardhi ilikauka mara mbili kwa mwaka, na kila aliyesimama pale alikuwa na mahindi ya vuli tumboni. Alisubiri mtu aseme. Hakuna aliyesema. Wote walikuwa wamekikodolea macho kijiti kile, kana kwamba kitaongea chenyewe. Naye akafunga mdomo.

Dorah alihesabu kwa ncha ya sindano. "Sitini na kitu," alisema. "Mti huu ulikuwepo kabla ya Operesheni."

"Umesikia, mhamiaji?" Eliud, mdogo wake Ngusa, alimcheka Onesmo. "Kafunge godoro lako."

"Godoro atafunga mama yako."

Eliud akamsukuma kifuani. Onesmo alirudi nyuma, akaokota fimbo ya kuchungia na kuishusha kwa nguvu zake zote. Ikampata Eliud jichoni. Ulisikika mlio mdogo, kama yai bichi linapoangukia sakafu, kisha Eliud akapiga magoti huku damu ikimtoka katikati ya vidole.

Ngusa hakufikiri. Panga la kwanza lilimkata Onesmo begani. La pili Onesmo alilikinga kwa mkono, na mkono ukakatika juu kidogo ya kiganja, ukabaki unaning'inia kwa ngozi. Dorah alikimbilia gari lake. Vijana wa Ngusa walikwenda moja kwa moja kwenye nyumba ya Onesmo na kuitia moto, mbuzi wakiwa wamefungwa ndani, na mbuzi walilia mpaka paa lilipoanguka. Jeska, mke wa Onesmo, alimfunga mumewe mkono kwa khanga, akampakia kwenye bodaboda, naye akapanda nyuma kumshikilia mpaka hospitali, Musoma.

Polisi walipofika, Ngusa alikuwa ameshapotelea kwa wakwe zake huko Bukima. Alikaa huko mpaka wakaacha kumwulizia, kisha akarudi na kufunga ng'ombe jembe. Bonde lilikuwa lake.

Siku hiyo ya kwanza ya kulima, Eliud akiwa mbele anaongoza ng'ombe, kitambaa kimefungwa jichoni, gari la Dorah lilisimama kando ya shamba. Alikuja kwa miguu akikanyaga matuta.

"Nilikosea," alisema, bila salamu. "Kwetu Songea mvua ni moja kwa mwaka. Juzi nimetoboa miti ya shule moja huko Bunda, mwaka iliyopandwa unajulikana. Maduara yametoka mara mbili ya miaka. Huku mti unafunga maduara mawili kwa mwaka. Mgunga huu una miaka thelathini na kitu tu. Onesmo alisema kweli."

"Nani mwingine anajua?" Ngusa aliuliza.

"Nimeanzia kwenu. Kutoka hapa nakwenda kwa balozi, halafu polisi."

"Huendi popote." Ngusa akaliachia jembe na kuchomoa panga.

Eliud alikuwa ameshaziacha kamba. "Subiri kwanza, kaka. Vuli na masika. Wewe ulijua?"

"Wote tulikuwaga pale. Na wewe unavunaga mara mbili."

"Nimekuuliza wewe."

"Nilijua," alisema Ngusa. "Jicho moja kwa bonde zima. Hujapunjwa."

Eliud alichomoa gongo lililokuwa limechomekwa kwenye nira. Ngusa alimpiga panga la kifua, akakata shati na ngozi. Eliud hakurudi nyuma. Gongo likatua kwenye goti la Ngusa, goti likapinda upande ambao goti halipindi. Akaanguka. La pili likamvunja mkono wa panga. La tatu likamvunja meno, na Eliud alikuwa analia huku akipiga, machozi yakitoka upande mmoja tu.

Dorah alimshika shati kwa nyuma. "Utamuua, baba. Inatosha."

Eliud alihema. Akalitupa gongo mbali, akaokota panga la kaka yake.

"Twende Musoma," alimwambia Dorah. "Hospitali kwanza, bado amelazwa. Onesmo atasikia kutoka kwako, na mimi nitakuwa nimesimama hapo. Polisi baadaye."

"Eliud," Ngusa aliita, mdomo umejaa damu. "Eliud, shamba ni letu wote."

Mdogo wake alikuwa ameshaupita mgunga. Ngusa alijaribu kusimama, goti likakataa. Akaanza kujivuta kwa mkono mmoja juu ya udongo alioupasua mwenyewe asubuhi ile, akiwafuata, na alikuwa bado hajafika mwisho wa tuta aliposikia gari likiwaka.