Injini ya Lori kwenye Landrova ya Mzee Venanti

Injini ile niliiogopa tangu ilipoteremshwa uani kwetu, na sioni aibu kusema. Mimi ni mwoga. Mama yangu kule Ujiji alinilea hivyo: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mume wangu Haidari ndiye shujaa wa nyumba, na kilio alikuwa ananitafutia mimi.

Yeye na mafundi wenzake waliitoa Kibondo, kwenye lori lililopinduka likabaki limelala mtaroni, watu wakilinyofoa kidogo kidogo, leo tairi, kesho kioo. Ilikuwa injini ya silinda sita, nyeusi, imevimba mafuta na vumbi, na wanaume waliokuja kuishusha walihema kama wamebeba ng'ombe mzima. Niliuliza dereva wa hilo lori yuko wapi siku hizi. Wote wakawa hawajasikia. Haidari akaniambia nikalete maji ya kunawa.

Mwenye kazi alikuwa Mzee Venanti, mkulima wa Munanila. Ana pikapu ya Landrova aliyoinunua bado kijana, na hadi mwaka ule wa 2013 alikuwa akibebea maharage na ndizi kupeleka soko la Nyarugusu. Injini yake ya zamani ilimfia mlimani na mzigo mgongoni, mvua inanyesha, maharage yakaota kwenye magunia. Tangu hapo mzee alikuwa na sala moja tu. "Nataka inayopanda," alimwambia mume wangu. Haidari akamwambia, atampa inayopanda hadi juu ya mti.

Mzee ni Muha wa Kiha chake. Kiswahili anacho cha kuuzia maharage, kikizidi hapo anacheka na kutikisa kichwa. Mimi nilikuja Kasulu kuolewa, Kiha changu ni salamu ya "mwakeye" asubuhi, halafu basi. Kwa hiyo tulipendana sana na mzee yule, maana hatukuwa na maneno ya kugombania. Ananiita mwanangu, namwekea chai.

Kazi ikaanza, na roho yangu ikahama nyumba. Walisimamisha miti mitatu ya mkaratusi juu ya pikapu, wakaifunga kileleni, wakaning'iniza ule mnyororo wa kunyanyulia, na injini ikapanda hewani inajizungusha taratibu. Miti ililia. Haidari alikuwa ameinama chini yake, anaielekeza kwa mkono mtupu, anapiga mluzi. Niliingia ndani nikafunga mlango, nikakaa kitandani, nikasoma kila dua niliyofundishwa na nyingine nikazitunga mwenyewe. Kila mluzi ulipokatika nilijua tayari, nimekuwa mjane.

Iliingia, lakini kwa kulazimishwa. Walikata chuma hapa, wakachomelea pale. Boneti haikufunga tena. Bomba la mafuta ya breki lilikuwa linapita pale pale injini ilipotaka kukaa, Haidari akalipinda likazunguka pembeni. Giaboksi nayo ilikuja ya lori, kwa hiyo waya wa breki ya mkono haukuwa na pa kushika.

"Baba Firdausi," nilimwambia, "hii breki ya mkono?"

"Tutaifunga kesho."

"Na hizo breki za mguu, ni za kushikilia dude kubwa namna hiyo?"

"Mama Firdausi, wewe hata sufuria ikichemka unaita zimamoto."

Mafundi wenzake wakacheka, na yeye akacheka nao. Nami nikanuna, lakini kununa hakukunisaidia kitu. Kila nikilala naiona ile pikapu inateremka na mume wangu yuko mbele yake. Nilimweleza hiyo ndoto, akaniambia niache kula maharage usiku.

Sasa, uani kwetu kuna mteremko. Kasulu hii nani ana ua uliosawazika? Pikapu ilisimama imeelekea chini, na mbele yake, hatua chache tu, kuna ukuta wa matofali wa stoo yangu ya mkaa. Kilichoizuia ni jiwe moja chini ya tairi la mbele. Jumamosi alasiri wenzake wakiwa wameondoka, Haidari akasema inawashwa leo. Mzee Venanti alikuwa amekuja na shati safi kwa ajili hiyo hiyo. Akapanda, akashika usukani wa gari lake kwa mikono miwili, ana furaha mpaka anaona haya.

Haidari akaenda kusimama mbele, katikati ya bampa na ukuta, ili arekebishe pampu ya dizeli. Mgongo wake ulikuwa karibu uguse matofali.

"Toka hapo," nikamwambia. "Fanyia pembeni."

"Pembeni sifikii."

"Basi ligeuzeni gari kwanza."

"Mwanaheri." Akiniita kwa jina langu ujue nimemchosha. "Kaoshe vyombo."

Nikaenda kwenye vyombo, lakini sikuosha. Nilichuchumaa na sufuria mkononi, macho kwenye lile jiwe. Haidari akamwambia mzee kwa Kiha awashe, gia iwe huru, akanyage mafuta kidogo.

Ikawaka. Jamani, sijui nieleze vipi. Pikapu ile ilizoea mashine ndogo, sasa ilitikisika yote, milango ikagonga, vioo vikalia, vyombo vyangu vikacheza kwenye beseni. Moshi ukajaa ua. Haidari akainua kidole gumba, mzee akaongeza mafuta, na kishindo kikapanda hadi nikakisikia tumboni. Na kila kishindo jiwe lilisogea. Kidogo, halafu kidogo tena. Nikainuka na sufuria yangu mkononi. Kisha jiwe likachomoka, na gari likaanza kushuka.

Haidari hakuliona. Alikuwa ameinamisha kichwa kwenye injini, na makelele yale yasingemruhusu kusikia chochote. Mzee ndiye niliyekuwa namwona, upande wa dirisha, karibu yangu. Nikatupa sufuria, nikapiga yowe neno moja, lile lile la kwanza lililonijia, nikalirudia mpaka koo likauma.

Mzee akanigeukia. Kisha akakanyaga klachi, akavuta gia, gia ikasaga, akavuta tena. Bampa lilikuwa limeshafika kwenye mapaja ya mume wangu. Nilimwona anainua uso na mikono yake inasukuma chuma, mgongo umegota ukutani, mdomo wazi. Gia ikaingia. Injini ikanguruma, gari likasimama mahali hapo, likatetemeka, halafu likaanza kurudi. Lilipanda ule mteremko kinyumenyume, likaenda kuangusha pipa langu la maji, likazimika.

Sikumbuki nilivyofika ukutani. Nakumbuka nampapasa miguu, napapasa magoti, namwuliza ni wapi panapouma, naye anasema hapana, hapana, niko mzima. Suruali ilikuwa imechanika na ngozi imechubuka, mifupa salama. Majirani wakaingia kwa ile kelele. Mzee Venanti aliteremka, akashika mlango asianguke.

Haidari, kwa kuwa ni Haidari, akaanza kucheka. Kicheko chenyewe kilikuwa chembamba, lakini kicheko. Akawaambia majirani, "Mmemwona mke wangu? Mnasema mwoga. Amemwelekeza mzee kama fundi wa miaka mingi. Tena kwa Kiha. Kumbe Kiha unakijua, mama Firdausi, ulikuwa unatuficha tu."

Nikamwangalia. "Kiha gani?"

"Hicho ulichosema."

Mzee akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Asante, mwanangu," akasema kwa Kiswahili chake. "Umeniambia subira, subira. Na mimi nikasubira inyuma."

Majirani Waha wakaitikia, eeh, amesubira. Mimi nikabaki nimesimama kama mjinga.

"Hiyo subira ya Kiha ni nini?" nikauliza.

"Si ni rudi?" Haidari akajibu. "Subira inyuma, rudi nyuma. Hukusema hivyo?"

Ningeweza kunyamaza. Wangenisifu mtaa mzima, na kwa mara ya kwanza Haidari angenihesabu kuwa mtu mwenye akili mbele ya gari. Tena alikuwa ameshaanza kusema kwamba siku ya kulijaribu kwenye mteremko wa kwenda Munanila nitakaa mbele, nimpe ishara, maana nina jicho. Aliposema hivyo hofu ikanirudia upya, mbaya kuliko ya mwanzo.

"Baba Firdausi," nikasema, "mimi sikusema subira. Nilisema subiri. Nilikuwa namwambia mzee asubiri. Asimame."

Mmoja wa majirani akaanza kucheka, akaacha.

Haidari akamgeukia mzee, akamwuliza kwa Kiswahili, polepole, nadhani alitaka na mimi nisikie. "Mzee, angekwambia simama, ungefanya nini?"

Mzee Venanti akashangaa swali lenyewe. "Breki. Ningekanyaga breki, nikangoja."

Haidari akaenda hadi kwenye pikapu, anachechemea. Akafungua mlango, akaingiza mkono akabonyeza pedali ya breki. Ilishuka mpaka sakafuni bila kupinga, na haikurudi. Akainama chini ya gari. Lile bomba alilolipinda lilikuwa limekatika kwa mtikisiko, na mafuta yake yamelowesha udongo pale gari lilipokuwa limesimama mwanzo, kabla jiwe halijatoka.

Alikaa chini hapo hapo, kwenye matope ya pipa langu. Mzee alisema jambo kwa Kiha, taratibu, akafanya ishara ya msalaba. Majirani wakaanza kuondoka mmoja mmoja, na hawakuaga.

"Njoo," Haidari akaniambia. Nikaenda nikachuchumaa mbele yake. Uso wake sikuwahi kuuona vile, wala siku alipozaliwa Firdausi na damu haikatiki.

"Ungekuwa na nafasi ya kufikiri," akauliza, "ungesema nini?"

Nilitamani nimdanganye. Lakini mtu ametoka ukutani sasa hivi, utamdanganyaje?

"Ningesema subiri," nikamwambia. "Hata sasa ningesema subiri."

Akaitikia kwa kichwa kwamba amesikia. Kisha akaomba maji. Nilimletea kikombe, akakipokea, maji yote yakamwagikia kifuani. Nikateka tena, nikakishika mwenyewe, nikamnywesha.