Muziki wa Miamba

Tangazo la kifo lilipotoka msikitini, watu wa Kilwa Masoko hawakujua ni Amiri yupi aliyefariki, mpaka mtangazaji alipokohoa na kuongeza, "Yule Amiri Miamba." Hapo wanawake sokoni waliweka vikapu chini.

Jina hilo lilitokana na kosa. Mchana Amiri aliendesha bodaboda kwenda Nangurukuru na kurudi. Jioni aliingiza sauti yake kwenye muvi za nje, akizitafsiri kwa Kiswahili kwa ajili ya kibanda cha video cha Suleiman. Muvi aliyoipenda kuliko zote ilihusu vijana wa mji wa baridi walioanzisha bendi ya roki. Kwa Kiingereza chake cha kidato cha nne, roki ni mwamba, basi wale vijana wakawa "bendi ya miamba" tangu mwanzo hadi mwisho. Watu walicheka hadi wakalia. Hakurekebisha. "Sasa mawe hayapigi kelele yakigongana?" alisema.

Lori lilimgonga karibu na kwao. Walipomaliza kisomo cha arobaini na sahani za pilau kuoshwa, baba yake mkubwa, mzee Fakihi, aliyemlea chini ya paa hilohilo, alibaki ukumbini na mama mtu na Maimuna, dada wa marehemu.

"Ile flashi yenye muvi ya miamba ifutwe," alisema. "Kila muziki ule ukipigwa, dhambi inamfuata kaburini. Suleiman nimeshamwambia, amefuta ya kwake. Imebaki hiyo yenu."

Mama aliinamisha kichwa. Tangu msiba hakuwa akilala. Alikuwa akimwona mwanawe amebanwa na udongo. Maimuna aliibana flashi kiganjani. Sauti ya kaka yake haikuwa mahali pengine popote.

"Baba mkubwa, muvi yenyewe umeiona?"

"Siingii chooni ndiyo nijue kinanuka. Madume yamevaa hereni, yanamjibu baba yao, yanapiga makelele. Hilo ni somo la kumpa mtoto wa Kiislamu?"

"Hayo ni ya mwanzo. Yule kijana baba yake anamvunjia gitaa..."

"Alifanya vizuri."

"...kama wewe ulivyoitupa spika ya Amiri kisimani."

"Maimuna!" mama alimkemea.

"Niache niseme, mama. Ile si muvi ya kelele. Ni ya mtoto anayekua huku baba yake hamtazami. Amiri aliijua kwa moyo. Baba mkubwa, itazame mwisho tu. Ukiona uchafu, nitaifuta mwenyewe mbele yako."

Mzee alitazama dari. "Mwisho tu. Na muziki sitaki kuusikia."

Maimuna alichomeka flashi kwenye runinga, akapeleka mbele hadi magitaa yaliponyamaza. Kisha sauti ya Amiri ikajaa ukumbi, yenye mafua kidogo, kama ametoka kushuka kwenye pikipiki: "Sasa jamaa anarudi kwao, wadau. Miamba imemshinda. Kakonda kama ufito."

Mama alijifunika uso kwa kanga.

Kwenye kioo, kijana alisimama mlangoni katika theluji, gitaa lake limefungwafungwa kwa waya. Baba yake akafungua mlango. Akamtazama kwa muda mrefu, midomo imefungwa, kisha akasogea pembeni kumpisha. Hakusema neno. Lakini Amiri alimsemea, kwa sauti nzito, ya kukwaruza, ya kujifanya amekasirika:

"Umekula?"

Picha ikaisha. Kila Amiri aliporudi nyumbani amechelewa, hata siku ile ya spika, swali hilo ndilo lililotoka chumbani kwa mzee Fakihi, kupitia mlango uliofungwa. Wala mzee hakuwahi kuufungua.

"Yule mzungu hakusema hivyo," mzee alisema hatimaye. "Mdomo wake haukufunguka."

"Hakusema, baba mkubwa."

Mzee alitafuta kofia yake, nayo ilikuwa kichwani. Akainuka.

"Uchafu umeuona?" Maimuna aliuliza.

"Fanyeni mnavyoona," alijibu, akatoka bila kuaga.

Maimuna alimgeukia mama yake akidhani ameshinda. Mama alikuwa amenyoosha mkono.

"Nipe."

"Mama, amekubali. Umesikia mwenyewe."

"Nimesikia. Na muvi ni nzuri, mwanangu. Lakini baba yako mkubwa si yeye atakayeulizwa kule kaburini. Kama ni kweli dhambi inamfuata Amiri, hata kidogo tu, nani anaumia?"

Maimuna aligeukia runinga. Alichomoa flashi akampa. Mama hakuivunja. Aliifunga kwenye pindo la kanga, pale alipozoea kufunga hela za sokoni, akakaza fundo kwa meno.

Haikufutwa. Wala haikupigwa tena. Siku za kufua, mama hulifungua fundo lile, akaifunga flashi kwenye kanga nyingine, huku amempa Maimuna mgongo.