Mlango Uliochongwa Sawasawa

Asubuhi ile Isidore alipaka mawese kwenye skurubu ndefu tatu za mashine yake, akajifutia vidole kwenye suruali, akamwita mkewe aje kusikiliza. Georgette aliacha sombe, majani yake ya muhogo, jikoni akaja na mwiko mkononi. Nje ya ukuta jenereta ilikuwa ikiunguruma, na mezani kipande cha mbao kilikuwa kimeshabanwa.

"Sikia," Isidore akasema.

"Nasikia jenereta."

"Hapana, chini ya jenereta. Mota. Haiko inalia tena!"

Ni kweli, mota haikulia. Tangu mashine ile isimame kwa miguu yake, mtaa mzima pale mjini Baraka ulikuwa ukijua saa Isidore anapofanya kazi, maana mota zilipiga mayowe kama mbuzi aliyekanyagwa. Alikuwa ameiunda mwenyewe. Fremu ilikuwa ya kitanda cha chuma, reli zilikuwa vyuma vya shokamzoba za pikipiki, na mota zake tatu alizitoa ndani ya mashine kubwa za kuchapia za shirika moja la misaada lililokimbia vita bila kufunga hata madirisha. Kompyuta nayo ilikuwa ya shirika hilohilo. Programu ililetwa na binamu yake kutoka Kigoma, kwenye disketi iliyofichwa ndani ya gunia la ndagala, dagaa wa ziwani, na hadi leo disketi hiyo ilinuka. Unachora ua kwenye kompyuta, na drili iliyofungwa kwenye fremu inakwenda yenyewe kulichonga kwenye mbao. Hayo ndiyo yalikuwa matumaini.

Ndani ya programu ile mna namba mbili zinazotesa watu. Ya kwanza ni vitesi, yaani mota ikimbie kiasi gani. Ya pili ni mchapuko, yaani izifikie mbio hizo kwa pupa au taratibu. Isidore ni mtu wa pupa, na zote mbili alikuwa amezipandisha juu. Basi mota ikiamriwa kuruka kutoka kusimama hadi mbio kwa mkupuo mmoja, hutetemeka, hupiga yowe, na kubaki palepale. Kompyuta haina macho. Inatoa amri, inaamini imetiiwa, inatoa amri nyingine, na wenyeji wa wilaya yetu ya Fizi hawakuhitaji kuelezwa zaidi kuhusu jambo hilo, wameshaongozwa hivyo miaka mingi. Matokeo yake yalikuwa milango yenye maua ambayo nusu ya kushoto imehamia juu ya nusu ya kulia, na kingo zilizopinda kidogo, kiasi cha upana wa ukucha.

Siku hiyo Isidore alikuwa ameshusha namba ya pili hadi robo. Mota ikaanza polepole, kama mama anayeinuka na beseni la maji kichwani, kisha ikashika mbio, na mbio zenyewe zilikuwa kubwa kuliko alizowahi kuthubutu. Akaipandisha namba ya kwanza. Ikaenda. Akaipandisha tena. Ikaenda! Akaipandisha mpaka ikateleza mara moja, akairudisha chini kidogo kwa usalama, akapiga makofi peke yake. Vumbi la mbao likaruka, ua likatokea petali kwa petali, na petali ya mwisho ikakutana na ya kwanza bila hata mwanya wa unywele. Georgette akacheza kuzunguka meza na mwiko wake. Sombe likaungua, na hakuna aliyelalamika.

Kazi haikukosekana. Ulikuwa mwaka wa tatu wa vita vya pili, na Baraka ilikuwa mji usio na milango. Waliopata nafasi ya kukimbia kwa boti waling'oa milango yao kwanza wakaipakia kabla ya masufuria. Waliokimbia kwa miguu waliiacha, na askari wakaichoma kwa kupikia. Waliorudi, au waliokuja kutoka vijiji vilivyoungua, waliingia katika nyumba zozote walizozikuta na kutundika mashuka mlangoni. Siku zile ukiuliza nyumba fulani ni ya nani, ulitajiwa jina la anayelala humo.

Mlango wa kwanza wa namba mpya ulikwenda kwa komanda, mkubwa wa wenye bunduki wa msimu ule. Alikaa kwenye nyumba ya matofali karibu na ziwa. Isidore aliufunga asubuhi, akausukuma, haukufunguka. Komanda akausukuma. Walinzi wawili wakausukuma kwa mabega. Isidore alikuwa bado anakagua bawaba, aibu imemjaa, wakati Suzanne, mjane aliyekuwa akilala kwa dada yake kijijini Lweba, alipopita na beseni la samaki. Suzanne aliweka beseni chini ili apumzishe shingo, akaegemea mlango, na mlango ukafunguka hadi ukutani.

"Aksanti," Suzanne akasema, akaingia, akatazama chumba cha watoto, akatoka, akajitwika beseni lake. Nyumba ilikuwa yake. Mlango ukajifunga nyuma yake.

"Bawaba ngumu," komanda akasema.

"Ngumu kidogo," Isidore akakubali.

Komanda alilipenda ua. Aliagiza walinzi waweke kreti ya bia chini ya dirisha, akapandia hapo, akaingia kwake. Tangu siku hiyo hata wageni wake, wenye nyota mabegani, waliingia kwa kuvuta tumbo ndani.

Mlango wa pili ulikwenda kwa Pasta Alphonse, na Pasta Alphonse naye akaanza kutumia dirisha. Wa tatu ulifungwa kwenye kibanda cha fundi viatu aliyekijenga kwa mikono yake kwenye kiwanja cha baba yake, na ulifunguka kwa kidole. Mji ukaelewa bila mkutano. Milango ya zamani, ile yenye maua yaliyovunjika, ilimfungulia kila mtu. Milango ya namba mpya ilimfungulia mwenye nyumba tu.

Isidore ni mtu wa kupima. Alirudisha mchapuko juu, akachonga mlango mmoja kwa mayowe ya zamani, na mlango huo ukafunguka kwa yeyote, hata kwa kuku. Alishusha namba tena, na ule uliofuata ukafunguka kwa mwenyewe peke yake. Alifurahi sana. Kwake ilikuwa hakika kwamba mashine imefikia usahihi ambao hakuna seremala wa Uvira aliyeufikia, na alimweleza hivyo kila aliyeingia karakana. Ajabu ni kwamba wateja hawakupungua. Mlango uliopinda ulikuwa umegeuka tangazo: mtu akiagiza ua lililovunjika, majirani walijua mara moja kwa nini. Heri ua zuri na dirisha. Jioni, katika barabara nzima ya sokoni ungeona miguu ya watu wazima ikining'inia madirishani, mmoja amevaa suti ya ibada, wakisalimiana vizuri tu.

Basi Isidore akachonga wa kwake. Hapo ndipo Georgette alipokunja uso. Nyumba waliyokaa, yenye karakana mbele, ilikuwa ya Sebasaza, mfanyabiashara wa ng'ombe, mtu wa familia za wafugaji wa juu milimani, kule Minembwe, waliohesabiwa adui huku chini tangu vita vianze. Sebasaza hakupata muda wa kung'oa mlango. Alitolewa humo mwaka wa vita vya kwanza, na hakuonekana tena. Mkewe, Mama Mukamazimpaka, alikuwa safarini siku hiyo.

"Papa Isidore, acha," Georgette alisema. "We unajua hii nyumba ni ya nani."

"Mi nimetengeneza paa. Nimepiga sakafu ya sima. Miaka yote hii, mulango utanijua."

"Tuma habari kule juu. Mwambie ule mama nyumba yake iko."

"Vita iishe kwanza."

Aliufunga mlango kwa nje, zana zote zikiwa ndani. Ulikuwa mlango mzuri kupita yote, na haukumfungukia. Aliingia kwa dirisha, akaujaribu kwa ndani, ukakataa vilevile. Aliondoa skurubu zote za bawaba. Mlango ukabaki umesimama palepale, umenyooka. Akazirudisha skurubu, maana ilikuwa aibu kuziacha chini. Georgette alipitisha sufuria ya ugali dirishani, kisha yeye mwenyewe akafuata, na usiku ule alilala ameugeukia ukuta.

Wangeendelea hivyo, lakini ikaja kazi ya maternite, nyumba ya kujifungulia. Wakunga walitaka milango ya vyumba vyote, mipana, ya mvule, kabla ya mvua. Mbao zilishushwa mbele ya nyumba ya Isidore, ndefu, nzito, bado zinanukia msitu. Hazikupita dirishani. Walijaribu kwa ulalo, walijaribu kwa kichwa, walimenya rangi yote ya fremu. Kuzikata vipande kungeua kazi, na kutoa mashine nje hakukuwezekana, maana alikuwa ameijengea humo humo ndani. Upande wa milima ya Ubwari mawingu yalikuwa yameshaanza kujipanga. Mvule ukilowa kabla ya kuchongwa hupinda, na mtu aliyepewa kazi ya maternite akaiharibu hapewi nyingine. Maji yalikuwa yamemfika shingoni.

Njia ilikuwepo. Arudishe mchapuko juu, ajichongee mlango mbaya kutoka kwenye vipande vilivyobaki ndani, aubandike, labda ule mzuri ungeupisha, mambo yaishe. Aliketi mbele ya kompyuta, akafuta namba nzuri, akaandika ile ya zamani. Aliitazama. Akawaza mayowe ya mota, akawaza petali zilizohama, na machozi yakamlenga, kwa sababu aliipenda mashine ile kuliko alivyopenda kusema. Kuhusu Sebasaza hakuwaza. Akaifuta namba mbaya, akarudisha nzuri, akakaa na kichwa mikononi.

Ndipo mlango ukafunguka.

Aliyeingia alikuwa mama mrefu, amefunga kitambaa kichwani, mguuni viatu vya plastiki vyenye udongo mwekundu wa kule milimani. Alikuwa ameshuka na wenzake waliokuja sokoni kutafuta chumvi na sabuni. Aliusukuma mlango kwa mkono mmoja kama anayerudi kwake kutoka kisimani. Mwanga ukaingia karakanani hadi kwenye kona ambazo Isidore hakuwa amezifagia.

"Bwana asifiwe," alisema.

"Milele," Georgette akajibu kutoka jikoni, akatoka, akamwona, akajua. "Mama Mukamazimpaka?"

"Njo miye. Kule Minembwe bantu banasema kuna mulango Baraka unachagua. Nikasema nipite nione."

Aliupapasa mlango, akafuata ua kwa kidole hadi mwisho wake.

"Kazi safi," alisema. "Nani alichonga?"

Isidore alisimama. Hakuna swali ambalo angelifurahia zaidi, hata siku kama ile. Akawasha mota, akamwonyesha. Akamweleza vitesi, akamweleza mchapuko, jinsi mota inavyodanganya ikiharakishwa na jinsi inavyosema kweli ikiachwa ianze taratibu. Mama Mukamazimpaka alisikiliza kwa adabu. Mashine ilikuwa imesimama mahali palipokuwa na kitanda chake, naye aliinama kuangalia mota, kisha akaangalia sakafu chini yake.

"Bwana wangu walimutoa hapa," alisema. "Hapa penye hiyo meza."

Isidore akazima jenereta.

Georgette alileta chai na kumkalisha mama kwenye kiti kizuri. Yeye alikaa chini. "Mama, nyumba ni yako," alisema. "Sema neno tu. Tutatoka leo leo, tuende kwetu Lweba."

Isidore alimtazama mkewe, akatazama mashine. Alisubiri mama anywe.

Mama Mukamazimpaka alikunywa chai yake mpaka mwisho. Nje, watu watatu walikuwa wamesimama ng'ambo ya barabara wakitazama mlango uliofunguka, na mmoja wao alikuwa na bunduki. Mama alikuwa ameshawaona kabla ya kuketi.

"Nitalala hapa na nani?" aliuliza. "Askari wametuachia soko mpaka saa tisa tu. Wenzangu bananingojea."

"Vita itaisha, mama," Isidore akasema, kwa unyoofu kabisa.

"Eeh."

Akasimama, akaweka kikombe mezani, akaenda mlangoni. Nje tone la kwanza la mvua lilianguka juu ya mvule, la pili likafuata. Isidore aliyaona matone yale yakitia alama nyeusi kwenye mbao, na akashindwa kuvumilia.

"Mama, samahani," alisema. "Unaweza kutushikia mulango kidogo? Mbao zangu zinalowa."

"Isidore!" Georgette akasema.

Mama Mukamazimpaka alimtazama Isidore, akatazama zile mbao. Kisha akaufungua mlango hadi ukutani, akaugandamiza kwa mgongo wake, akakunja mikono.

Georgette alikataa kubeba. Aliketi chini pale alipokuwa, ameshika kikombe kile kitupu, akilia kwa sauti. Isidore alibeba peke yake. Alibeba mbio, akipita na kurudi kupitia mlango wake, kwa mara ya kwanza tangu aufunge, na kila ubao ulioingia mkavu ulimpa furaha mpya. Alianza hata kuhesabu kwa sauti vyumba vya maternite. Mvua ikaongezeka. Bega la kushoto la mama, lililokuwa upande wa nje, lililowa lote.

"Zimeisha?" aliuliza.

"Zimeisha, mama."

Akatoka. Mlango ukajifunga nyuma yake, ukanyooka ndani ya fremu yake bila mwanya, naye akashika njia ya sokoni, mwenye bunduki akimfuata kwa mbali. Isidore alitoa kichwa dirishani, mvua ikimpiga usoni, akamshukuru kwa moyo wote, akipaza sauti, mpaka alipopinda kona.