Walimngoja Dada Siku Tatu

Tologon alikuwa ameapa kwamba atamwambia mama yake kabla hawajafika mji wa Kochkor. Kochkor ikapita. Walikula pale sambusa za tanuri, mama akajimwagia chai kwenye gauni, wakacheka wote, na Tologon akaona si vizuri kumharibia mtu siku yake akiwa bado anatafuna. Binadamu akitaka kuchelewesha jambo hakosi sababu. Hata sambusa inatosha.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Mukash, mdogo wake mama, mjomba wa Tologon, alikwishakufa. Alikufa miaka miwili nyuma, akazikwa, arobaini yake ikasomwa, mwaka wake ukatimia na farasi akachinjwa. Kijiji kizima kilijua. Asiyejua ni dada yake, Batmakan, mwanamke wa miaka sabini na sita, aliyekuwa ameketi kiti cha mbele na jozi ya viatu vipya vya ngozi mapajani, anampelekea Mukash.

Safari aliiomba mwenyewe. Tangu theluji iyeyuke alikuwa akisema anataka kukiona kijiji alichozaliwa, ng'ambo ya mji wa Naryn, kabla macho hayajazimika. Tologon akatoa udhuru wa gari, akatoa udhuru wa barabara, akatoa udhuru wa duka lake la vipuri jijini Bishkek. Mwisho mama akasema atapanda basi. Mama akienda kwao kwa basi na mwanawe ana gari, watu watamsema mpaka wachoke. Wakaondoka wanne: mama, Tologon, mkewe Jipara, na binti yao Begimai wa miaka kumi na saba. Huko waendako Tologon hakupeleka habari kwamba wanakuja. Angezipeleka kwa uso gani?

"Harusi ya Nurdin hakuja," mama alikuwa akisema, malori ya makaa ya mawe yakiwapita. "Mjukuu wa dada yake anaoa, yeye kakaa na kondoo wake. Na tangu siku ile hata simu hapigi. Kaninunia, na mimi ndiye ninayestahili kununa. Leo namshika sikio mbele ya mkewe."

"Bibi, mzee wa miaka sabini unamshika sikio?" Begimai akauliza kutoka nyuma.

"Nimembeba mgongoni huyo. Kaukojolea mgongo huu mpaka kafika miaka mitatu. Sikio lake ni mali yangu."

Begimai akacheka. Jipara hakucheka. Alimgusa mumewe begani kwa kidole kimoja, akakiacha kidole palepale. Yeye alijua. Hakupenda, lakini alijua, na miaka miwili alikuwa amelala kitanda kimoja na siri hiyo.

Simu ya msiba iliingia Ijumaa moja asubuhi, mwezi wa saba, miaka miwili nyuma. Aliyepiga ni Erkin, mwana wa Mukash. Kwetu habari ya msiba haitupwi sikioni mwa dada wa marehemu. Huambiwa mwanamume wa nyumba, naye hukusanya wazee wawili watatu, wakaketi na mwenye msiba, wakamzungusha kwa maneno ya taratibu mpaka aelewe mwenyewe. Kazi hiyo ilikuwa ya Tologon. Lakini kesho yake ilikuwa harusi ya mwanawe Nurdin. Wageni mia nne wamealikwa, ukumbi umepambwa, wakwe wako njiani kutoka Osh. Msiba ukitangazwa, harusi haipo, pengine kwa mwaka mzima. Tologon akasema kwenye simu, "Mama anaumwa, presha imempanda, hawezi kusafiri. Nitamwambia polepole."

Akajiambia ni siku mbili tu. Harusi ilipokwisha ikawa aibu kueleza kwa nini hakusema juzi. Ikaja arobaini, Erkin akapiga tena, Tologon akajibu vilevile, na baada ya hapo upande wa kule haukupiga tena. Kila mama alipoomba apigiwe Mukash, Tologon alisema mjomba yuko malishoni, mtandao haufiki. Uongo ni kama unga uliotiwa hamira; ukiuacha peke yake unaumuka.

Juu ya mlima Dolon walisimama kununua maziwa ya farasi. Mama alikunywa bakuli zima bila kupumua, akafuta midomo kwa ncha ya kitambaa, akatazama mabonde huku uso wake umelegea kwa furaha. Tologon akapiga moyo konde.

"Mama, kuhusu mjomba."

"Usimtetee," mama akasema. "Wazee hawakukosea: kuliko aje mpwa, afadhali waje mbwa mwitu saba. Wewe ulipokuwa mdogo kila ukija huku unarudi na mwanakondoo wake. Sasa umekula vyake, unajifanya wakili wake."

Akamfinya shavu, mwanamume wa miaka hamsini na mbili mwenye kitambi. Tologon akacheka. Nafasi ikaenda zake.

Walipokuwa wanarudi garini, Jipara alimvuta mkono. "Binti wa kijiji mwenye msiba huanza kulia kabla hata paa la nyumba halijaonekana," akamwambia kwa sauti ya chini. "Unajua hivyo kuliko mimi. Huyu akiingia pale anacheka, Tologon, mimi nashuka narudi kwa miguu."

"Naryn. Nitamwambia tukifika Naryn."

Walipofika Naryn, mama alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo, viatu bado mapajani. Akamwacha alale. Mtu mzima anahitaji usingizi.

Aliamka mwenyewe gari lilipovuka daraja la mbao. Akashusha kioo. Pale, akasema, ndipo punda alipomtupa. Pale palikuwa na shule. Pale Mukash aliiba mayai, yeye akachapwa kwa niaba yake. Alikuwa anasema haraka, kama mtoto anayeogopa kusahau, na Tologon alipunguza mwendo mpaka gari likawa linatambaa. Kama barabara ingekuwa na urefu wa mwaka, angeshukuru. Geti la buluu likatokea.

"Mukash," mama akaita hata kabla gari halijasimama. "We mkojozi, toka nje. Dada yako kaja kukupiga."

Ng'ambo ya barabara wanaume waliokuwa wanapakia nyasi kavu waliacha kupakia. Kanishai, mjane wa Mukash, alitoka zizini na ndoo ya maziwa. Alipomwona aliyeshuka garini aliiweka ndoo chini, akanyoosha mgongo, akasimama.

"Kanuna mpaka mlangoni haji?" mama akacheka, mikono ameifungua. "Wifi, yuko wapi huyo?"

Kanishai hakuingia kwenye mikono ile. Alisema taratibu, bila kupandisha sauti.

"Nafasi yako tuliiacha wazi, wifi. Siku tatu. Tulikuwa tumzike siku ya pili, Erkin akasema tumngoje shangazi, huenda presha itashuka. Kwa joto lile la mwezi wa saba. Halafu vijana wakatuonyesha kwenye simu. Ulikuwa unacheza, na gauni la kijani. Ulicheza vizuri."

Nyuma ya Tologon, Begimai alijiziba mdomo kwa viganja. Video ile aliipiga yeye, akaitia mtandaoni usiku uleule wa harusi, na watu wakaipenda mno: bibi wa miaka sabini na kitu anazunguka ukumbini kama msichana.

Tabasamu lilibaki usoni mwa mama kwa muda, kwa kuwa hakuna aliyelifukuza. Alivitazama viatu alivyovishika. Kisha akamgeukia mwanawe. Tologon alitazama gurudumu la gari. Ni huko kutazama gurudumu kulikomwambia mama yake kila kitu, na Tologon alijua hivyo, na bado hakuweza kuinua macho.

"Ni kweli, wifi," mama akasema kwa sauti ya kuwafikia hata wale wa nyasi. "Niliambiwa. Nilikuwa na harusi, nikaona nisiivunje. Kosa ni langu."

Baada ya kusema hayo ndipo alipoanza kulia. Aliweka mikono kiunoni kama walivyolia mama zake, akaita, "Ndugu yangu niliyekubeba, mgongo wangu umebaki na nani?" Sauti ilimtoka nzito, ya miaka miwili. Wanawake wa jirani walikuja, ila walikuja kwa mwendo wa mtu aliyetumwa. Hakuna aliyemshika mabega. Aliingia nyumbani kwa baba yake peke yake, analia, anashika ukuta.

Ndani walimkalisha karibu na mlango, wanapoachwa viatu. Tologon, kwa kuwa ni mwanamume na ni mgeni, aliwekwa juu kabisa, mahali pa heshima mbali na mlango, mbele ya mkate, siagi na mkia wa kondoo. Mzee mmoja wa kike, jirani, jina lake Sakin, alimtazama Batmakan akatikisa kichwa.

"Nina miaka themanini na tano. Njaa nimeiona, vita nimeisikia. Dada anayecheza na ndugu yake hajatiwa udongo, hilo nilikuwa bado sijaliona."

"Sema, mama," Batmakan akajibu, kichwa chini. "Nastahili."

Tologon aliendelea kutafuna mkate. Aibu ilikuwa imemvaa mwili mzima, mpaka masikio yalikuwa yanamwasha. Akajiambia kuwa mama amechagua mwenyewe. Kumkanusha sasa ni kumwita mwongo mbele ya watu wa kwao. Si unaona? Hata hapo alipata sababu, na ilikuwa sababu nzuri kuliko zote za njiani.

Ndipo Begimai akasimama kwenye kona ya wasichana.

"Ile video niliirusha mimi," akasema. "Bibi hakujua hata kama namrekodi. Kama kuna wa kuchukiwa, nichukieni mimi."

"Kaa chini, mwanangu," bibi yake akamwambia.

Tologon alimtazama mama yake, akamtazama binti yake. Bibi kabeba, mjukuu kabeba, na mwenye mzigo anakula mkate.

"Hakuambiwa," akasema.

Sauti ilimtoka kidogo mno, hakuna aliyesikia. Sakin alikuwa anaomba siagi. Ikabidi aseme tena, na mara ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza.

"Mama hakuambiwa. Kajua leo, pale getini. Erkin alinipigia mimi. Presha hakuwa nayo, hakuwa anaumwa kitu. Mimi nilikuwa na harusi. Nikanyamaza, halafu nikaendelea kunyamaza."

Mkono wa Sakin ulibaki hewani na kisu cha siagi. Erkin, aliyekuwa anamimina chai, hakuinua macho. Kanishai ndiye aliyeinuka. Alikwenda mpaka mlangoni, akapiga magoti mbele ya wifi yake, akamshika mikono yote miwili.

"Miaka miwili nimekulaani," akasema. "Kila nikikamua ng'ombe nilikulaani."

"Ungefanyaje," mama akasema.

Kanishai alimwinua, akampeleka juu, mahali pa binti wa nyumba. Tologon ilibidi asimame ampishe. Akazunguka na kikombe chake mkononi akitafuta pa kukaa, na hakuna aliyesogea. Mwisho alikaa pale mlangoni mama yake alipotoka. Mto wa kukalia ulikuwa bado na joto.

Wanawake walimzunguka Batmakan, safari hii wakamshika mabega, wakaanza kumlilia Mukash upya kama aliyekufa asubuhi ile. Sakin aliyekuwa anamsuta ndiye aliyelia kwa sauti kubwa kuliko wote. Wakamsimulia kila kitu: alianguka akifunga farasi, alitaja jina la dada yake, akauliza kama barabara ya kumleta ni nzuri. Tologon aliyasikia yote hayo akiwa kati ya viatu vya watu.

Erkin alifika kwake na birika. Kwetu mgeni humiminiwa chai kidogo kidogo, ili kikombe kirudi mara nyingi na mgeni akae. Erkin alimjazia mpaka ukingoni, akaliweka birika mbali. Jipara alikiona kile kikombe, akafumba macho.

Walilala, kwa sababu mtu hafukuzwi gizani. Asubuhi, walipomaliza kwenda kaburini, Tologon alipakia gari akisubiri mama atoke. Alitoka amefunga kitambaa cheupe cha Kanishai, mikono mitupu, bila vile viatu, akamkumbatia Begimai kwa muda mrefu, akambusu Jipara kwenye paji la uso.

"Nakaa arobaini," akasema. "Arobaini yangu mimi, sikuisoma."

"Nije kukuchukua lini, mama?"

"Usije. Erkin atanileta, nikitaka kurudi."

Hakukuwa na hasira usoni mwake. Tologon alikuwa amejiandaa kwa hasira usiku kucha, alikuwa ameipangia maneno na magoti, na sasa maneno hayakuwa na kazi. Akafungua mlango wa gari, akaufunga, akaufungua tena.

"Basi nitakuwa napiga simu, nijue hali yako."

"Mpigie Kanishai," mama akasema. "Nikiumwa atakwambia. Nikifa pia atakwambia, siku hiyohiyo, hata kama una harusi."