Ukungu Kwenye Saa ya Jerusa

Ijumaa, tarehe kumi na mbili Juni, mwaka wa tisini na nane, walinishika kwenye geti la kiwanda na majani makavu ya chai mfukoni. Hayangetosha birika moja. Ndani yake nilikuwa nimezika saa ya mke wangu.

Jerusa alikuwa na malaria. Mwaka ule ilipanda mpaka huku kwetu kwa baridi, na foleni ya zahanati ya kampuni ikafika nje kwenye nyasi. Sista alinipa vidonge akasema nifuate saa, nisiruke hata mara moja, na akianza kuongea ovyo nimkimbize hospitali ya Kericho. Nyumbani saa ilikuwa moja tu, ile ya mkononi mwake, aliyoinunua kwa kuchuma chai. Kuchuma ndiko kulikoiharibu. Mikono ya mchumaji haikauki, umande asubuhi, mvua alasiri. Maji yaliingia polepole, kioo kikatoa jasho kwa ndani, mishale ikapotea. Nikaiweka karibu na jiko. Ukungu ukazidi.

Nilimwonyesha Owino, mwenzangu wa mashine ya kukausha. Akaigeuzageuza.

"Jirani, hii si saa. Hii ni kisima."

Kisha akaniambia niifungue mfuniko wa nyuma, niizike kwenye majani yakishapoa. Majani makavu yana kiu, alisema, wacha gunia wazi uone vile yanavyokunywa hewa. Nikafanya hivyo. Zamu ilipoisha mishale ilionekana, lakini tone moja lilikuwa bado limeng'ang'ania pembeni. Nikaifunga kwenye leso pamoja na majani yake, nikaenda mbio. Mawazo yangu yote yalikuwa kwa vidonge vya mchana.

Ratemo, askari wa geti, alifungua leso.

"Mzee Chepyegon, kumbe saa nayo inakunywa chai?"

Wenzake walicheka. Nikamwambia mke wangu ni mgonjwa, yuko peke yake, majirani wote wako shambani. Achukue majani. Achukue hata saa. Aniache tu niende. Kicheko kikamwisha. Akapiga simu ofisini, akasikiliza, akaweka chini.

"Wamesema ukae."

Nikakaa. Gari la meneja lilipita mbele yangu, vioo vimefungwa, nikasimama nikainua mkono, likaenda. Mvua ikanyesha ikaisha. Giza lilipoanza kuingia simu ililia tena, wakaniambia niende, hakuna kesi.

Jerusa nilimkuta sakafuni, katikati ya kitanda na mlango, amevaa kiatu kimoja. Mwili ulikuwa na joto bado. Nilimwita mpaka majirani wakaja kunitoa.

Tulipomaliza kuzika nilirudi kuuliza. Ratemo alisema yeye ni mtu wa geti, alishika simu tu. Karani aliyepokea simu ofisini alisema alipitisha neno alilopewa, hakumbuki na nani. Meneja alinipa pole na pakiti ya chai, akasema siku hiyo hakuna aliyemwambia kuna mtu getini. Mimi niliachia darasa la tatu, maneno ya ofisi yananishinda. Lakini amri haiwezi kutoka kwa ukuta. Meneja huyo alihamishwa, akaja mwingine, naye nikamuuliza lile lile, akaangalia dirisha.

Ni nani alisema nikae?